Nyekundu Isiyochuja

Alhamisi, Temeke. Jua halijaonekana tangu asubuhi, na mvua nayo haijanyesha. Mawingu yamekaa tu juu ya mapaa ya makuti, na joto limebanwa chini yake kama mvuke ndani ya chungu kilichofunikwa. Nguo nilizoanika jana bado zina unyevu. Mikono yangu ni myeusi hadi viwikoni. Nimeisugua kwa sabuni, nikaisugua kwa mchanga, weusi umekaa palepale.

Naandika kabla giza halijaingia, kwa sababu kesho nitatakiwa kuyasema haya kwa mpangilio, mbele ya watu wasio na subira. Wasichana niliowafundisha misheni nilikuwa nikiwaambia kwamba mtu akitaka kueleza jambo, ajieleze kwanza mwenyewe, tena kwa maneno mepesi. Leo mwanafunzi ni mimi.

Jambo lenyewe ni mfarishi.

Mfarishi watu wanaujua kama tandiko la kitandani: vipande vya nguo vilivyoungwa juu, kitambaa kimoja chini, sufi katikati, kisha ukashonwa kwa mishono ya kupita ili sufi isikimbilie upande mmoja. Wengi huuona ni kazi ya mtu aliyekosa blanketi. Lakini upo mfarishi wa kutazamwa kabla ya kulaliwa, na huo ndio tunaoshona mimi na Mwanahawa uani kwangu, juu ya meza ya marehemu mume wangu.

Mwanahawa ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Yeye ni Mzaramo, amezaliwa hapahapa wakati pakiwa mikorosho na mihogo mitupu. Mimi nilikuja kutoka bara nikimfuata mume, na mume alipofariki nikabaki. Yeye anaswali, mimi naenda kanisani. Kilichotukutanisha ni rangi. Nilimkuta siku moja akichora jani juu ya kipande cha amerikani, ile nguo nyeupe ya pamba, kwa unyoya wa kuku na uji mzito wa muhogo. Uji ukikauka, unapaka rangi juu yake, kisha unaubandua kwa ukucha, na pale palipokuwa na uji panabaki peupe. Nilisimama nikasahau nilikokuwa nakwenda.

Rangi zetu si nyingi. Manjano tunapata kwenye manjano yenyewe ya jikoni. Buluu ni ile ya kufulia mashuka. Magome ya mkoko yakichemshwa hutoa kahawia, nzito kama chai iliyosahaulika jikoni, na kahawia hiyo ukiichanganya na maji yaliyolazwa misumari yenye kutu, inageuka nyeusi ambayo hakuna sabuni itakayoitoa. Ndiyo niliyo nayo mikononi sasa.

Nyekundu hatuna.

Hili naomba lieleweke vizuri, maana yote yaliyofuata yametoka hapa. Kahawia ya mkoko huelekea wekundu wa tofali, ikaishia hapo. Rangi wanayotia kwenye ubuyu ni nyekundu kweli, lakini tone moja la maji linaichukua. Nyekundu ya dukani tulijaribu mwaka jana. Tulipofua mara ya kwanza ilichuja, ikaingia katika safu nzima ya maua meupe, na Mwanahawa akakaa chini akatazama kazi ya miezi ikiwa ya waridi. Hakulia. Alisema tu, "Imetapika." Tangu hapo, kitambaa chochote chekundu akikiona hukilowesha kwanza na kukiminya juu ya kitu cheupe kabla hajauliza jambo lingine.

Na safari hii nyekundu ilikuwa lazima. Binti yake Zuhura yuko ndani. Kwa asiyejua, msichana wa hapa pwani akivunja ungo huwekwa ndani, kungwi akamfundisha, na wanaume wasimwone hadi siku ya kutolewa. Hata baba yake, Shomari, humsalimia akiwa nje ya pazia. Siku ya kutolewa mwali hupambwa na kuketishwa mbele ya watu, na Mwanahawa alitaka binti yake aketi juu ya mfarishi ambao Temeke nzima itausimulia. Katikati yake komamanga kubwa lililopasuliwa, punje zake zote nyekundu, kila punje imeshikiliwa kwa puleki, vile visahani vya kung'aa, ziwake juani.

Kumtoa ni keshokutwa.

Majuma machache yaliyopita alikuja na matambaa mekundu ndani ya kikapu. Nyekundu nzito, ya kujaa, ya ile nguo wafanyabiashara wanayoiita bendera. Nilimuuliza ameyapata wapi. "Njiani, Mwalimu," akasema. "Ya bure." Aliyaloweka mbele yangu, akayaminya juu ya kanzu yangu nyeupe ya zamani, na maji yakatoka safi. Tulicheka kama watoto. Sikuuliza tena ni njia ipi.

Jana alasiri mpiga mbiu alipita na ngoma yake. Akatangaza kwamba wapimaji wa Serikali walisimika vijiti katika mihogo, upande wa nyuma, vyenye vitambaa vyekundu, na kwamba vitambaa vimeondolewa. Aliyeviondoa ajitokeze. Serikali inajua kwamba hiyo ni kazi ya watu wa mikutano, wanaotaka kuipinga, na atakayepatikana atafungwa.

Niliyasikia nikiwa napepeta mchele. Nikaendelea kupepeta. Mchele wote ulikuwa umeshakuwa safi, lakini mikono haikutaka kusimama.

Leo asubuhi, kabla sijachemsha chai, Mwanahawa aliingia na mfarishi begani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Yale matambaa ya mbiu," akasema. "Ndiyo haya."

Aliniambia yote akiwa amesimama. Anapokwenda kuchimba mihogo hupita karibu na vijiti hivyo. Aliviona tangu kabla ya masika. Masika yakaja, yakanyesha mpaka njia zikawa mito, na matambaa yakabaki mekundu vilevile. Ndicho kilichompendeza. Nguo iliyonyeshewa msimu mzima isitoe hata tone, alisema, itachuja lini tena?

"Nilitazama kwanza kama ni pahali pa mzimu," akaniambia. "Kama vingekuwa vimefungwa mtini, au pana chetezo, au pana unga, nisingegusa, Mwalimu, wallahi. Nikaona ni vijiti vitupu kwenye nyasi, hakuna hata njia ya kuvifikia. Nikajua mwenyewe ameshamaliza navyo."

Namwelewa. Amelelewa kuheshimu kitambaa chekundu kilichofungwa kwa ajili ya wasioonekana. Hakuna aliyemfundisha kwamba na wanaoonekana siku hizi nao hufunga vitambaa.

Kila kipande kilikuwa kimepigiliwa kwa misumari midogo, ikaacha matundu mawili yenye kutu pembezoni. Mwanahawa aliyaficha kwa puleki. Nami nilimsifu kwa hilo. Nilidhani anajua tu pa kuweka mng'ao.

Tulitazamana, kisha tukafanya wanachofanya wachoraji wa nguo wanapoogopa. Tukachukua rangi.

Nilimwaga maji ya misumari katika sufuria ya mkoko na tukapaka punje za komamanga nyeusi, moja baada ya nyingine. Puleki zilibaki ziking'aa katikati ya weusi kama macho ya paka chini ya kitanda. Komamanga lilipokwisha kufunikwa, lilikuwa limegeuka kitu ambacho nisingependa mtoto wa mtu aketi juu yake. Mwanahawa aliukunja mfarishi ukiwa majimaji, akaupeleka mahali pekee alipoona pana usalama. Chumbani kwa mwali.

Walikuja mchana. Tarishi mmoja wa Serikali na askari wawili, wakipekua nyumba zote za safu yetu. Kwangu waliinua hata godoro. Sufuria ya rangi waliichungulia, tarishi akauliza ni mboga gani hiyo. Nikamwambia ni dawa ya nguo. Akasema yeye kwao mboga nyingine huwa na sura hiyohiyo, askari wakacheka, na mimi nikacheka nao. Kicheko changu nilikisikia kama cha mtu mwingine.

Kwa Mwanahawa niliwafuata. Walipekua ukumbi, wakapekua jiko, wakapekua chini ya kitanda cha Shomari, ambaye ni mpakizi wa bandarini na alikuwa amelala baada ya zamu ya usiku. Kisha askari mkubwa wao akashika pazia la chumba cha mwisho.

Kungwi alikuwa ameketi mlangoni kwenye kigoda, anatafuna tambuu. Ni bibi mnene, hapandishi sauti.

"Humo mna mwali," akasema.

"Nina amri ya Serikali, bibi."

"Amri unayo. Mama je, unaye?"

Mkono wa askari ukabaki kwenye pazia.

"Nakuuliza, kijana. Lafudhi yako si ya mbali, ni ya hapa hapa pwani. Tia hilo buti lako humo, kisha nenda kwa mama yako ukamwambie ulikotoka. Akikupakulia wali leo, njoo unichape viboko mimi."

Yule askari aliachia pazia polepole, kama mtu anayeweka chini chombo cha moto. Tarishi, ambaye ni mtu wa bara kama mimi, hakuelewa, akataka kuingia. Askari akamzuia kwa mkono. "Hapo hapaingiliwi," akamwambia. "Tuandike kwamba nyumba haina kitu."

Kwa muda ule mfupi niliona kwamba mila ya watu hawa, ambayo wenzangu wa misheni walinifundisha kuiita ya giza, imetuokoa.

Kisha tarishi akasema, "Kama vitambaa havimo majumbani, basi havikuibwa ili vitumike. Vimeondolewa kwa fitina." Akageuka kumtazama Shomari, aliyekuwa ameamka na kusimama ukumbini na shuka kiunoni. "Wewe huendaga mikutano ya Jumapili."

"Huwa naenda," Shomari akasema. "Kila mtu huenda."

"Kila mtu hatutaki. Vaa shati."

Ndivyo ilivyokuwa. Kwa kuwa hawakuona nguo, waliona siasa. Kama wangelivuta lile pazia, wangekuta komamanga, wakatukana, na pengine wakacheka. Hawakulivuta, na sasa kuna mtu mahabusu.

Shomari alivaa shati. Hajui lolote kuhusu vitambaa. Mkewe alikuwa amemficha jambo hilo ili kumfurahisha, amwonyeshe mfarishi siku ya kumtoa mtoto. Alipokuwa anatolewa nje alimgeukia Mwanahawa akasema kwa sauti ndogo, "Mama Zuhura, mwali asiambiwe. Mwambieni nimeitwa kazini."

Mwanahawa alifungua mdomo. Niliona neno lilivyofika kwenye meno yake. Kungwi akambana mkono.

Mimi nami sikusema.

Naweza kueleza kwa nini, maana kueleza ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Mfarishi ulikuwa umelowa weusi. Kama tungewatolea vile vipande vikiwa vyekundu, tungekuwa wanawake wajinga waliopenda rangi. Tukiwatolea vikiwa vimepakwa rangi nyeusi, asubuhi ya siku ya msako, sisi ni watu wenye hila. Yote hayo niliyapima nikiwa nimesimama ukumbini kwa mwenzangu, huku mumewe akifunga vifungo vya shati. Nilipima vizuri sana. Nilipomaliza kupima walikuwa wameshapita mkorosho wa mwisho.

Alasiri kungwi alituita chumbani. Zuhura alikuwa ameinama pembeni, uso ndani ya kanga, kama mwali anavyotakiwa. Mfarishi ulikuwa umetandazwa sakafuni ukauke.

Wekundu ulikuwa umerudi.

Nguo ya bendera huko kiwandani hutiwa mafuta ndani ya nyuzi zake, ndiyo maana rangi yake haiendi popote. Maji ya mkoko hayakuingia. Yalikaa juu, yakakauka, yakapasuka kama udongo wa kinamasi baada ya kiangazi, na katika kila ufa palionekana nyekundu ileile. Punje zilikuwa si nyeusi wala nyekundu. Zilikuwa na rangi ya kitu kilichoganda.

Kungwi aliinama, akakwaruza punje moja kwa ukucha. "Mimi mwali simtoi juu ya huu," akasema. "Na simtoi baba yake akiwa mahabusu. Atakaa ndani." Hakusema mpaka lini. Msichana pembeni hakuinua uso, lakini mabega yake yalisikia. Kama hakuwa ameambiwa, sasa ameambiwa.

Tuliubeba mfarishi hadi uani, tukajaribu kuutoa weusi. Limau, majivu, sabuni ya kipande. Weusi ulikaa. Tulichofanikiwa ni kuwa na mikono ya aina moja, mimi na Mwanahawa, ungedhani mama na mwanawe.

Hapo ndipo nilipomwambia nilichokuwa nimekifikia. Kesho asubuhi nitaubeba mfarishi mpaka ofisini kwa Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya. Nitamfumulia puleki moja, nimwonyeshe matundu mawili na kutu yake. Nitamweleza kwa Kiingereza chake mwenyewe kwamba Shomari hakugusa kijiti, na kwamba vitambaa vyake havijapotea hata kimoja, vyote vimo humu, vimeshonwa na mwanamke aliyependa nyekundu isiyochuja. Na weusi nitausema pia. Nitamwambia tuliogopa. Huo nao ni ukweli, na ndio ninaouhofia kuliko wote, kwa sababu mtu asiyewahi kutuogopa hawezi kuelewa kwa nini sisi tunamwogopa yeye.

"Watanichukua mimi," Mwanahawa akasema.

"Huenda."

"Na wewe. Watasema Mwalimu ndiye aliyetufundisha."

"Huenda pia."

"Basi wewe utasema Kiingereza," akasema, "mimi nitaonyesha mikono."

Tulikuwa bado tumeketi pale tuliposikia hatua nyuma ya nyumba. Wapimaji walikuwa wamerudi. Safari hii hawakubeba vijiti wala vitambaa. Walikuwa na kopo na brashi. Walitazama ndani ya chombo chao cha miguu mitatu, mmoja akanyoosha mkono, mwingine akasogea, akanyooshewa tena, akasogea tena, mpaka mgongo wake ukagusa nyumba ya Mwanahawa. Akachovya brashi na kuchora msalaba mwekundu ukutani, kando ya dirisha la chumba cha mwali. Kisha wakaja kwangu wakachora mwingine kwenye mwimo wa mlango. Nyumba yenye alama hiyo hubomolewa.

Vijiti vile vya kwanza vilipita kwenye mihogo, mbali na sisi. Sijui kama mstari umehama kwa sababu vitambaa viliondoka, au ulikuwa unakuja huku tangu mwanzo, na mihogo ilikuwa njia tu. Niliwauliza kwa adabu. Yule mwenye brashi akasema yeye hupaka anapoambiwa.

Kutoka ndani, nyuma ya pazia, nikasikia sauti ya Zuhura kwa mara ya kwanza tangu awekwe ndani. "Mama, nini hicho kinachochuruzika dirishani?"

"Rangi," mama yake akajibu.

"Ya mfarishi?"

Mwanahawa alisogea ukutani, akaugusa ule msalaba kwa kidole, akakinusa, akakisugua kwenye kanga yake nyeupe kama anavyosugua kila nyekundu anayokutana nayo. Akasubiri. Akaitazama kanga.

"Ya mafuta, Mwalimu," akaniambia. "Hii haichuji."

Sasa mwanga unaondoka. Mfarishi nimeukunja, komamanga kwa ndani, nimeufunga kwa kanga na kuuweka juu ya meza. Mvua bado haijanyesha. Mwimo wa mlango wangu unanuka rangi hadi hapa nilipoketi.

Nimeandika yote, na nadhani mpangilio wake unaeleweka. Kilichobaki ni kesho, nitakapoufungua mfarishi juu ya meza ya yule bwana. Je, ataona komamanga, au ataona mikono yetu tu?